Ukuaji wa Utalii wa Anga za Juu wa Kibiashara na Ukubalifu Wake Mbele ya Umma, 2001–2025

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna utalii wa anga za juu wa kibiashara ulivyokua tangu mwaka 2001 na namna umma, hasa wa Marekani, ulivyoupokea. Hoja kuu ni kwamba ukuaji wa sekta hii na ukubalifu wake havijaenda sambamba. Idadi ya safari imeongezeka na watu wengi zaidi wanaamini kuwa safari hizo zitakuwa jambo la kawaida, lakini idadi ya wanaotamani kusafiri wao wenyewe imepungua. Ili kueleza hali hiyo, makala yanatofautisha ngazi tatu za ukubalifu: utayari wa kusafiri, ridhaa ya wasiosafiri, na ukubalifu wa kisheria. Inabainishwa kwamba ngazi ya tatu imetangulia mbele ya zile mbili za kwanza, na kwamba kikomo kilichowekwa na sheria ya Marekani, yaani tarehe 1 Januari 2028, kinaifanya tofauti hiyo kuwa suala la dharura.

1.0 Utangulizi

Tarehe 28 Aprili 2001, Dennis Tito, mfanyabiashara wa Kimarekani mwenye umri wa miaka 60, aliondoka katika kituo cha Baikonur nchini Kazakhstan akiwa ndani ya chombo cha Kirusi kiitwacho Soyuz TM-32. Alikaa karibu siku 8 angani, sehemu kubwa akiwa katika Kituo cha Kimataifa cha Anga, kisha akarejea salama. Nauli iliyoripotiwa ilikuwa dola za Marekani milioni 20. Kabla ya safari hiyo NASA, yaani shirika la anga la serikali ya Marekani, ilikuwa imepinga kwenda kwake kwa hoja za usalama na maandalizi. Pingamizi hilo halikuzuia safari, lakini lilidokeza jambo ambalo limeendelea kuiandama sekta hii: uwezo wa kulipa nauli si sawa na kukubaliwa na wale wasiosafiri.

Tito hakuwa mtu wa kwanza kwenda angani kwa malipo ya kibiashara. Mjapani Toyohiro Akiyama, mwandishi wa habari wa televisheni, alikwenda katika kituo cha Mir mwaka 1990, lakini gharama zake zililipwa na mwajiri wake. Kwa sababu hiyo, Tito ndiye anayehesabiwa kuwa mtalii wa kwanza aliyejilipia mwenyewe, na mwaka 2001 ndio unaochukuliwa hapa kuwa mwanzo wa kipindi kinachochunguzwa.

Makala yanajibu maswali matatu. Kwanza, sekta hii ilikua kwa njia gani? Pili, kwa nini nauli hazikushuka kama ilivyotarajiwa? Tatu, umma umeikubali kwa kiwango gani, na kwa masharti yapi?

2.0 Ufafanuzi wa dhana

Utalii wa anga za juu ni safari ya mtu anayekwenda nje ya angahewa nzito ya dunia kwa ajili ya burudani, udadisi au heshima binafsi, na si kwa kazi ya serikali. Safari hizo ni za aina mbili. Aina ya kwanza ni ya kupanda na kushuka: chombo hufika juu kabisa, abiria hukaa dakika chache bila kuhisi uzito, kisha chombo hurudi bila kuizunguka dunia. Aina ya pili ni ya mzingo: chombo hufikia kasi ya takribani kilomita 28,000 kwa saa na kuizunguka dunia kwa siku kadhaa.

Mahali ambapo anga za juu zinaanzia pana mabishano. Mstari wa Kármán, uliopewa jina la mhandisi Theodore von Kármán, uko kilomita 100 juu ya usawa wa bahari, ilhali taasisi za Marekani huhesabu takribani kilomita 80. Tofauti hii ina uzito wa kibiashara. Chombo cha Virgin Galactic kiitwacho VSS Unity kilivuka mpaka wa Marekani bila kuufikia mstari wa Kármán, wakati New Shepard ya kampuni ya Blue Origin huvuka mipaka yote miwili. Abiria wa makampuni hayo mawili wote hurudi wakijiita wasafiri wa anga za juu, ingawa hawakufika mahali pamoja.

Dhana ya ukubalifu nayo inahitaji kuchambuliwa. Katika makala haya ina ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni utayari wa mtu kusafiri mwenyewe. Ya pili ni ridhaa ya jamii ya wasiosafiri, ambao hata hivyo huguswa na moshi, matumizi ya fedha za umma na mfano wa kimaadili unaowekwa. Ya tatu ni ukubalifu wa kisheria, yaani dola kuruhusu shughuli hiyo na kuamua nani abebe hatari yake. Kuchanganya ngazi hizi kumewafanya baadhi ya watetezi wa sekta kuhesabu udadisi wa watazamaji kuwa ni uungaji mkono.

3.0 Hatua za ukuaji

3.1 Viti vilivyobaki, 2001–2009

Hatua ya kwanza haikutokana na teknolojia mpya. Ilitokana na uhaba wa fedha nchini Urusi baada ya kuvunjika kwa Umoja wa Kisovyeti. Soyuz ilikuwa na viti vitatu, na kiti kimoja kiliweza kuuzwa kupitia kampuni ya Space Adventures. Kati ya mwaka 2001 na 2009 watu 7 walisafiri kwa utaratibu huo, mmoja wao, Charles Simonyi, akisafiri mara mbili. Miongoni mwao alikuwa Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, aliyesafiri Aprili 2002 na kufanya majaribio ya kisayansi akiwa angani, pamoja na Anousheh Ansari, aliyesafiri Septemba 2006.

Mlango huo ulifungwa kwa sababu zile zile zilizoufungua. Marekani ilipostaafisha vyombo vyake vya aina ya Shuttle mwaka 2011, NASA ililazimika kununua viti vya Soyuz kwa ajili ya wanaanga wake, na nafasi ya watalii ikatoweka kwa takribani miaka 10. Inabainika kwamba soko la awali liliishi kwa masalio ya mipango ya serikali.

3.2 Tuzo na ahadi, 2004–2014

Hatua ya pili ilichochewa na tuzo ya dola milioni 10 iliyotangazwa mwaka 1996 kwa kikundi binafsi ambacho kingerusha chombo chenye uwezo wa kubeba watu 3 hadi kilomita 100, mara mbili ndani ya wiki mbili. SpaceShipOne, kilichobuniwa na Burt Rutan kwa fedha za Paul Allen, kilitimiza sharti hilo tarehe 29 Septemba na 4 Oktoba 2004. Mwaka huo huo Richard Branson alianzisha Virgin Galactic na kuanza kuuza tiketi kwa dola 200,000, akiahidi safari ndani ya miaka michache.

Ahadi hiyo ilichelewa sana. Tarehe 31 Oktoba 2014 chombo cha VSS Enterprise kilivunjika kikiwa katika jaribio juu ya jangwa la Mojave. Rubani mmoja alifariki na mwenzake akajeruhiwa. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilibaini kwamba rubani msaidizi alifungua mapema kufuli la mkia unaokunjwa, na kwamba waliokitengeneza chombo hawakuzingatia ipasavyo uwezekano wa kosa moja la mtu kuleta maangamizi.

3.3 Safari za mara kwa mara, 2021–2025

Mwaka 2021 ulibadili sura ya sekta. Tarehe 11 Julai Branson alisafiri ndani ya VSS Unity. Siku 9 baadaye Jeff Bezos alisafiri ndani ya New Shepard pamoja na nduguye Mark, Wally Funk mwenye umri wa miaka 82, na Oliver Daemen mwenye umri wa miaka 18. Septemba mwaka huo watu 4 wasio wanaanga wa serikali walizunguka dunia kwa siku 3 katika safari ya Inspiration4, kwa kutumia chombo cha Dragon cha SpaceX. Aprili 2022 kampuni ya Axiom ilipeleka abiria wa kulipa katika Kituo cha Kimataifa cha Anga kwa nauli iliyoripotiwa kuwa dola milioni 55 kwa kiti. Septemba 2024 safari ya Polaris Dawn ilifanikisha matembezi ya kwanza ya kibinafsi nje ya chombo.

Bara la Afrika nalo liliendelea kuwa na wawakilishi. Sara Sabry wa Misri alisafiri kwa New Shepard Agosti 2022 na kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kufika anga za juu. Owolabi Salis wa Nigeria alifuata kwa chombo hicho hicho Juni 2025.

4.0 Kwa nini nauli haikushuka

Watetezi wa sekta hupenda kuifananisha na usafiri wa ndege, ambao ulianza kuwa anasa ya wachache na baadaye ukawa huduma ya wengi. Takwimu hazijaunga mkono ulinganisho huo. Tiketi ya Virgin Galactic iliyouzwa kwa dola 200,000 ilipanda hadi dola 250,000 mwaka 2013 na dola 450,000 mwaka 2021. Kiti cha kwenda kituo cha anga kilichouzwa kwa dola milioni 20 mwaka 2001 kilifikia dola milioni 55 mwaka 2022, ongezeko linaloshinda mfumuko wa bei wa kipindi hicho.

Sababu tatu zinaeleza hali hii. Ya kwanza ni ya kifizikia. Chombo cha kupanda na kushuka hufikia takribani kilomita 3,700 kwa saa, na cha mzingo kilomita 28,000. Kwa kuwa nishati mwendo huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi, kila kilo inayopelekwa mzingoni huhitaji nishati hiyo zaidi ya mara 50. Ndiyo maana safari ya dakika 10 si hatua ya kwanza ya safari ya siku 3. Ni bidhaa nyingine kabisa.

Sababu ya pili ni uchache wa viti. New Shepard hubeba watu 6, na Unity ilibeba abiria 4 pamoja na marubani 2. Unity ilistaafishwa Juni 2024 ili kupisha chombo kipya. Kutumia tena maroketi kumepunguza gharama za urushaji, lakini punguzo hilo halijamfikia abiria kwa kuwa wanunuzi wamekuwa wengi kuliko nafasi.

Sababu ya tatu inahusu asili ya mahitaji. Ndege za awali zilibeba barua, bidhaa na watu waliokuwa na haja ya kufika mahali fulani. Abiria wa ndege hununua kufika. Mtalii wa anga hununua kuona, kisha hurudi alikotoka. Soko lisilo na mahali pa kwenda hutegemea hamu peke yake, na hamu hiyo ndiyo inayochunguzwa katika sehemu ifuatayo.

5.0 Mwitiko wa umma

5.1 Matarajio yanayopanda, hamu inayoshuka

Kituo cha utafiti cha Pew kiliwauliza Wamarekani kuhusu suala hili mwaka 2018 na tena mwaka 2023. Mwaka 2018 asilimia 50 walitarajia kwamba ndani ya miaka 50 watu wangesafiri angani kama watalii kwa kawaida. Mwaka 2023 walikuwa asilimia 55. Hata hivyo, waliosema wangependa kuizunguka dunia wao wenyewe walipungua kutoka asilimia 42 hadi 35. Kwa maneno mengine, katika miaka ile ile ambayo safari hizo zilitoka katika ahadi na kuwa jambo la kuonekana, umma uliziamini zaidi na kuzitamani kidogo zaidi.

Majibu ya mwaka 2018 yanatoa mwanga kuhusu vikwazo. Miongoni mwa wasiotaka kusafiri, asilimia 28 walitaja gharama, asilimia 28 walitaja hofu, na asilimia 28 wengine walitaja umri au afya. Mgawanyo huo unaonesha kwamba kushusha nauli peke yake kungejibu sehemu ndogo tu ya kusitasita kwa umma. Umri na jinsia pia vilileta tofauti: asilimia 63 ya vijana wa kizazi cha milenia walivutiwa, ikilinganishwa na asilimia 27 ya waliozaliwa katikati ya karne ya 20 au kabla, wanaume walikuwa asilimia 51 na wanawake asilimia 33. Takwimu hizi ni za Wamarekani, hivyo hazipaswi kuchukuliwa kuwa sauti ya dunia nzima.

5.2 Ridhaa ya wasiosafiri

Safari za Julai 2021 zilifanyika dunia ikiwa katikati ya janga la UVIKO-19, na mwitiko ulikuwa mkali. Bezos aliporejea aliwashukuru wafanyakazi na wateja wa Amazon kwa kuwa wao ndio waliolipia safari hiyo. Kauli hiyo iliyokusudiwa kuwa shukrani ilipokelewa na wakosoaji kama ukiri wa ukosefu wa usawa. Oktoba mwaka huo Mwanamfalme William wa Uingereza alisema hadharani kwamba akili bora za dunia zielekezwe kuitengeneza sayari hii badala ya kutafuta mahali pengine pa kuishi.

Makampuni na wafadhili walijibu kwa kubadili sura za wasafiri. Inspiration4 ilichangisha zaidi ya dola milioni 200 kwa hospitali ya watoto ya St. Jude, na mmoja wa wasafiri wake, Hayley Arceneaux, alikuwa ametibiwa saratani ya mfupa katika hospitali hiyo akiwa mtoto. Agosti 2023 Keisha Schahaff na binti yake Anastatia Mayers kutoka Antigua walisafiri kwa tiketi za bahati nasibu, pamoja na Jon Goodwin, mwanamichezo wa zamani wa Olimpiki aliyekuwa akiishi na ugonjwa wa Parkinson. Mei 2024 Ed Dwight, aliyekuwa miongoni mwa Wamarekani Weusi wa kwanza kufikiriwa kwa mafunzo ya uanaanga katika miaka ya 1960, alifika anga za juu akiwa na umri wa miaka 90.

Mkakati huo una mipaka. Aprili 2025 wanawake 6, wakiwamo mwimbaji Katy Perry na mtangazaji Gayle King, walisafiri kwa New Shepard kwa takribani dakika 11. Wapo walioisifu safari hiyo kuwa hamasa kwa wasichana, na wapo walioiona kuwa tangazo la biashara lililovikwa vazi la ukombozi. Inaelekea kwamba uwakilishi huleta ridhaa pale unapoambatana na manufaa yanayobaki duniani, na huipoteza pale manufaa hayo yasipoonekana. Vipaumbele vilivyotajwa katika kura ya mwaka 2023 vinaafiki tafsiri hiyo: asilimia 60 walitaka ufuatiliaji wa vimondo vinavyoweza kuigonga dunia uwe kipaumbele cha juu cha NASA, na asilimia 11 tu walisema hivyo kuhusu kupeleka watu Mihiri.

6.0 Usalama na ukubalifu wa kisheria

Mwaka 2004 Bunge la Marekani lilipitisha marekebisho ya sheria ya urushaji wa kibiashara. Kwa mujibu wa sheria hiyo, serikali hulinda umma ulio ardhini na mali zake, lakini kwa kiasi kikubwa imezuiwa kuweka kanuni za kumlinda abiria mwenyewe, isipokuwa pale ambapo madhara makubwa yametokea au yamekaribia kutokea. Abiria hutia saini ridhaa yenye ufahamu, akikiri kuelezwa kwamba serikali haijathibitisha usalama wa chombo. Kipindi hiki, kinachoitwa cha kujifunza, kilikusudiwa kwisha mwaka 2012. Kiliongezwa hadi 2015, kisha 2023, na baadaye hadi tarehe 1 Januari 2028.

Hoja ya kukiongeza ni kwamba kanuni za mapema zingeweza kuua ubunifu. Hoja hiyo ina mashiko, lakini inategemea dhana kwamba abiria anaweza kuielewa hatari anayoikubali. Hadi mwisho wa mwaka 2025 hakuna mtalii aliyefariki katika safari ya anga za juu. Rekodi hiyo ni njema, ila ni fupi. Kitakwimu, zikifanyika safari 30 bila ajali, bado haiwezekani kukanusha kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba hatari halisi inakaribia ajali 1 katika kila safari 10. Historia ya Shuttle inatoa onyo hilo hilo: safari 24 zilikamilika bila kifo kabla ya Challenger kuangamia Januari 1986 ikiwa na mwalimu Christa McAuliffe. Baada ya safari 135, vyombo viwili na watu 14 walikuwa wamepotea.

Tukio la nje ya sekta lilizidisha mashaka. Juni 2023 nyambizi ya Titan, ambayo haikuwa imethibitishwa na chombo chochote huru cha ukaguzi, ilipasuka chini ya Bahari ya Atlantiki na kuua watu wote 5. Mmoja wao, Hamish Harding, alikuwa amesafiri kwa New Shepard mwaka mmoja kabla. Titan ilionesha kwamba saini ya ridhaa humwondolea mwendeshaji sehemu ya lawama, lakini haiwazuii wengine kubeba gharama za uokoaji na uchunguzi.

7.0 Mazingira kama sharti la ukubalifu

Athari za kimazingira hutofautiana kulingana na fueli. New Shepard huchoma hidrojeni na oksijeni, na moshi wake kwa kiasi kikubwa ni mvuke wa maji, ingawa kuizalisha hidrojeni yenyewe kunaweza kutoa kaboni. Falcon 9 huchoma aina ya mafuta ya taa, na Unity ilichoma fueli ya mpira pamoja na oksidi ya naitrojeni. Zote mbili hutoa masizi. Masizi yanayotolewa katika stratosfia hukaa muda mrefu kuliko yale ya ardhini, ambayo husafishwa na mvua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha London na wenzao ulikadiria kwamba masizi ya maroketi huipasha joto angahewa karibu mara 500 zaidi ya masizi ya vyanzo vingine kwa kipimo kile kile.

Kwa sasa safari ni chache na madhara yake kwa jumla ni madogo. Suala la ukubalifu limo katika mwelekeo: sekta inayoahidi kukua inaomba ridhaa leo kwa madhara yatakayohesabiwa kesho, na wanaoombwa ridhaa hiyo wengi wao hawatapanda chombo hata siku moja.

8.0 Hitimisho

Makala yamebainisha kwamba utalii wa anga za juu umekua kutoka viti vilivyobaki vya Soyuz hadi safari za makampuni kadhaa, lakini haujafuata njia ya usafiri wa ndege. Nauli zimepanda, hamu imepungua, na ridhaa ya wasiosafiri imekuwa ya masharti. Ngazi ya kisheria ndiyo iliyotangulia: dola iliruhusu kwanza, ikaacha jamii iamue baadaye.

Muda uliobaki hadi mwaka 2028 unaweza kutumika kupunguza pengo hilo kwa njia tatu. Kwanza, makampuni yachapishe kumbukumbu za hitilafu, zikiwamo zile zisizosababisha madhara, ili ridhaa ya abiria iwe na ufahamu kweli. Pili, viwango vya usalama viandikwe kabla ya ajali, kwa kuwa kanuni zinazotungwa katika msiba huwa kali na zenye haraka. Tatu, uchafuzi upimwe na kutangazwa kwa kila abiria. Ukubalifu wa sekta hii hautaamuliwa na wale wanaoweza kununua tiketi. Utaamuliwa na wale wanaobaki chini wakitazama juu, na hao ndio ambao hadi sasa wameulizwa kidogo zaidi.